Vigaga na madoa kidevuni baada ya elektrolisisi: niendelee au niache?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Mombasa. Tangu nimalize shule nang'oa ndevu za kidevuni kwa kibano. Mwezi uliopita nilianza elektrolisisi, ile ya kuua nywele kwa sindano ya umeme, na nimeshakwenda mara mbili. Baada ya mara ya pili kidevu kilivimba, siku ya tatu vikatoka vigaga vidogo vidogo, na sasa vimebaki vidoti vyeusi. Isitoshe, nywele naziona zinarudi. Mama mdogo ananiambia nipake ndimu na manjano, na rafiki yangu kaniletea krimu ya kung'arisha uso. Dada yangu anaolewa wiki tano zijazo na mimi ni wa kusimama naye. Je, nimeharibiwa? Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza, hujaharibiwa. Kidevu kuvimba siku ya kwanza, vigaga vya ukubwa wa kichwa cha pini kutokea siku ya pili au ya tatu, kisha vikadondoka na kuacha vidoti, ni mambo ambayo ngozi nyeusi huyapitia mara nyingi ikiguswa na sindano hii. Lipo la kurekebisha kwa anayekuhudumia, nitalifikia. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni ile ndimu, na kuliko ndimu ni hiyo krimu ya rafiki yako. Nakuomba usiipake hata kidogo kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza uelewe nini kimefanyika chini ya ngozi yako. Kila unywele umekaa ndani ya kifuko chake chembamba, na chini ya kifuko hicho ziko chembe zinazouotesha. Kibano huutoa unywele na kuziacha chembe zile zikiwa hai, ndiyo sababu umeng'oa miaka yote hiyo na ndevu zingali pale pale. Sindano ya elektrolisisi, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita au chini ya hapo, hufuata ubavu wa unywele hadi chini, kisha umeme kidogo hupitishwa ili kuziua chembe hizo. Njia ya zamani hutumia umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri. Umeme huo ukikutana na chumvi na maji yaliyomo ndani ya kifuko, hutengeneza kostiki soda, ile ile wanayoitumia watengeneza sabuni, ila kwa kiasi kidogo mno, nayo ndiyo inayounguza mzizi. Njia ya pili hutumia umeme wa masafa ya juu, unaogeuka mwelekeo mamilioni ya mara kwa sekunde, ambao huchemsha unyevu ulioko kwenye mzizi kwa muda mfupi sana. Njia ya tatu huchanganya hizo mbili.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1875 daktari wa macho aitwaye Charles Michel, wa mji wa St. Louis huko Marekani, aliandika jinsi alivyotumia sindano na betri kuondoa kope zilizoota kuelekea ndani ya jicho. Ni tatizo wanalolijua sana watu wa Dodoma na wa Umasaini, kwa sababu ya ugonjwa wa macho wa trakoma. Mashine ya kuchanganya njia mbili ilipata hataza mwaka 1948. Hadi leo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inakubali elektrolisisi peke yake iitwe njia ya kuondoa nywele kabisa. Leza, mashine ya mwanga, inaruhusiwa kusema inapunguza tu.

Watu wataniuliza mbona sikwambii uende leza. Leza huutafuta weusi wa unywele, na ngozi yetu nayo ni nyeusi, kwa hiyo mashine isiyofaa huunguza ngozi badala ya unywele. Ipo inayofaa ngozi yetu, ya urefu wa wimbi wa nanomita 1064, na kwa miguu au makwapa sina ugomvi nayo. Lakini usoni, hasa kwa mwanamke ambaye homoni zake zimevurugika, leza mara nyingine huamsha malaika yaliyokuwa membamba pembeni yakawa nywele nene. Sindano haitazami rangi: unywele mweusi, mwekundu, wenye mvi, zote huuawa sawasawa. Kwa ndevu za kidevu, mimi nachagua sindano.

Sasa hizi nywele "zinazorudi". Nywele hazioti zote kwa pamoja. Wakati wowote ule, baadhi zinakua, baadhi zimesimama, na vifuko vingine vimelala vitupu kabisa, hakuna kinachoonekana juu. Siku uliyolala kwenye kitanda cha kliniki, aliyekuhudumia aliweza kuzifikia zile tu zilizokuwa nje. Na wewe umekuwa ukizing'oa, kwa hiyo nyingi zilikuwa zimejificha. Unazoziona leo nyingi ni zile zilizokuwa chini wakati ule, ndiyo kwanza zinatoka. Chache ni zile zilizochomwa zikakosa kufa. Hizi mara nyingi hurudi zikiwa nyembamba zaidi, kisha hufa raundi ya pili au ya tatu. Kwa sababu hiyo kidevu huhitaji kwenda kila wiki moja au mbili mwanzoni, baadaye kila mwezi, na kazi nzima huchukua mwaka mmoja hadi miaka miwili. Anayekuahidi kumaliza ndevu kwa mara tatu anakuuzia maneno.

Hapo pia ndipo kibano kinapokuharibia. Ukiung'oa unywele, umeuficha kwa wiki kadhaa na sindano haina cha kufuata. Tena kung'oa kwa miaka mingi hupindisha kifuko, na sindano iliyonyooka haiwezi kufika chini ya kifuko kilichopinda. Kuanzia leo kibano, nta, halawa na uzi viache. Nywele zikikukera, zikate kwa mkasi mdogo au zinyoe kwa wembe safi. Najua utaambiwa wembe unanenepesha ndevu. Si kweli, wembe hukata ncha iliyochongoka na kuacha iliyo butu, mkono ukipita unahisi ugumu, lakini mzizi hata habari hauna. Mimi huwaambia wateja wangu wanyoe siku mbili au tatu kabla ya kuja. Zitakazochomoza baada ya hapo ni zile zinazokua kwa nguvu, mzizi wake uko hai na uko mahali pake, na hizo ndizo zinazouawa vizuri zaidi.

Namna ya kujua kama kazi inafanywa sawa unaweza kuihisi mwenyewe. Sindano ikiingia vizuri haichomi kama sindano ya hospitali, kwa sababu inapita kwenye njia iliyokwishakuwepo. Unachohisi ni umeme: joto kali la ghafla, au uchungu unaopanda taratibu, kutegemea njia. Halafu unywele unapovutwa unateleza wenyewe. Ukiusikia unakatika "tak", kama unavyousikia ukitumia kibano, basi umeng'olewa, haukuuawa. Mwombe akuonyeshe mmoja kwenye pamba. Unywele uliokuwa ukikua, ukitoka vizuri, huwa na mzizi mweusi uliofunikwa na utando laini unaong'aa kama utelezi.

Na hili ndilo la kurekebisha. Kidevu kuvimba sana na vigaga vingi vilivyosogeleana ni ishara kwamba umeme ulikuwa mwingi kuliko ngozi yako inavyoweza, au alichoma nywele nyingi mahali pamoja. Siku ukirudi mwambie waziwazi. Mwambie aruke: achome mmoja, auache wa jirani yake kwa siku nyingine. Apunguze nguvu, na akae nawe dakika 15 au 20 badala ya saa nzima. Muulize kama ana sindano zilizofunikwa ubavuni, ambazo hutoa umeme nchani tu na kuinusuru ngozi ya juu. Kwa watu weusi sindano hizo zina thamani kubwa. Sindano yenyewe itoke kwenye pakiti mpya iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako, na ikitoka kwako iende kwenye boksi la vyenye ncha kali. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo hapo usimwonee mtu haya. Na kama mna historia ya makovu yanayovimba na kukua, yale ya keloidi, kwako au kwa ndugu zako wa tumbo moja, aambiwe kabla hajaanza. Kadhalika kama una kifaa cha kusaidia moyo, una mimba, una kisukari, unatumia dawa za chunusi, au hutokwa na malengelenge mdomoni.

Tuje kwenye ngozi yenyewe, ambako ndiko uso wa mwanamke mweusi hushinda au hushindwa. Ngozi yetu ikikerwa, chembe zinazotengeneza rangi hushtuka na kumwaga rangi nyingi mahali pale. Hivyo vidoti vyako ndivyo vilivyotokea. Si kovu, ukipitisha kidole huhisi shimo wala kivimbe. Vikiachwa kwa amani hufifia vyenyewe, ila huchukua wiki na mara nyingine miezi, na kila ukikera upya unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo shabaha ya matunzo yote ni moja: usiikere ngozi.

Ukitoka kliniki, weka kitu baridi. Barafu usiiguse moja kwa moja kwenye ngozi. Izungushie kitambaa safi cha pamba, weka dakika chache, toa, rudia. Wekundu kwenye ngozi yako hutauona kama unavyoonekana kwa mzungu, wewe utauona kama weusi uliokoza kidogo pamoja na joto na mkazo. Kwa kawaida joto hupoa jioni ile ile au kesho yake, na uvimbe ukichelewa ni siku mbili. Unaweza kumeza paracetamol ikiwa huna tatizo nayo. Dawa ya ganzi ya kupaka, kama unaitumia kabla ya kazi, paka eneo dogo tu kama ulivyoelekezwa na mfamasia. Kujipaka nyingi na kuifunga kwa plastiki kwa masaa kumewahi kuua watu.

Siku mbili za kwanza uso haupakwi poda, fundesheni, marashi wala udi haufukizwi karibu yake. Vitundu vile bado viko wazi. Usiende kuogelea baharini, usikae jikoni juu ya mvuke wa biriani, usifanye mazoezi ya kutoa jasho. Najua Mombasa jasho halingoji mazoezi. Likitoka, lifyonze kwa tishu safi kwa kubonyeza, usifute. Udhu hauna tatizo lolote: maji safi ya baridi ni rafiki wa kidevu chako. Kinachodhuru ni ile taulo ya bafuni inayosuguliwa usoni mara tano kwa siku. Weka kitambaa chako laini pembeni, bonyeza, ondoa. Sabuni iwe isiyo na manukato, mara moja au mbili kwa siku.

Kuna kitu ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni mtandio. Ukiufunga ukapita chini ya kidevu na kuubana kwa pini, kile kitambaa kinasugua mahali pale pale penye vigaga kutwa nzima, na kama ni cha nailoni kinafungia jasho. Kwa wiki moja baada ya sindano vaa cha pamba, kilichofuliwa siku hiyo, na ukifunge kilegee au ukipeleke mafundo nyuma ya shingo. Foronya nayo ibadilishe usiku ule wa kwanza. Simu ifute, kwa sababu inakaa kidevuni kuliko unavyodhani. Na mikono yako, mdogo wangu, wewe uliyezoea kupapasa kidevu ukitafuta unywele, ndiyo adui mkubwa kuliko vyote hivi.

Vigaga vikitokea, viache. Paka mafuta ya mgando, utando mwembamba tu, ili visikauke vikapasuka. Jeli ya mshubiri inafaa pia kama haina spiriti wala manukato. Ya kukata kwenye mmea wenyewe ina utomvu wa njano unaowasha, kwa hiyo bora ya dukani iliyo safi. Vitadondoka vyenyewe kati ya siku ya saba na ya kumi. Ukikibandua kigaga kabla ya siku zake, chini yake kuna ngozi mbichi, na doa utakalolipata hapo litakaa muda mrefu zaidi kuliko lile ambalo sindano ingekuachia.

Dalili za kukurudisha hospitali ni maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili badala ya kupungua, usaha, joto linalosambaa, au homa. Hapo usijitibu.

Ndimu: maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huwasha na kuunguza, na huacha weusi mbaya kuliko ulioukimbia. Mama mdogo anakutakia mema, lakini dawa hii imewapaka madoa wengi. Manjano peke yake si sumu, ila kuyasugua juu ya ngozi isiyopona ni kuikera. Singo na liwa, vile vya kusingwa bibi harusi na jamaa zake, navyo vingoje.

Krimu ya kung'arisha ni habari nyingine kabisa. Nyingi za hizi zinazouzwa bila maelezo ya kueleweka huwa na haidrokwinoni, zebaki, au dawa kali za steroidi kama klobetasoli na betamethasoni. Kenya na Tanzania zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini mitaani bado vipo. Steroidi hulainisha ngozi ikapendeza wiki za mwanzo, halafu huifanya nyembamba, huchelewesha vidonda kupona, huleta chunusi, na sikiliza hili vizuri: huotesha nywele usoni. Nimewaona wanawake wanaolipia sindano kila wiki huku usiku wakijipaka mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu hizi, unaowaotesha ndevu mpya. Kama umewahi kuutumia kwa muda mrefu, mwambie daktari wa ngozi akusaidie kuuacha, kwani ukikatwa ghafla uso unaweza kuwaka.

Kwa madoa, dawa ya kwanza ni losheni ya kukinga jua, namba 30 kwenda juu, kila asubuhi hata kukiwa na mawingu. Yenye rangi ya ngozi inafaa zaidi, kwa sababu ile oksidi ya chuma inayoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao kwa watu weusi nao hukoza madoa. Vigaga vikishaisha vyote na ngozi imefunga, unaweza kuongeza dawa ya kupaka ya kufifisha madoa, niasinamidi au asidi ya azelaiki, usiku. Anza kidogo, paka leo kesho uache, na acha siku chache kabla na baada ya kila sindano.

Hujaniambia kuhusu hedhi yako, na hilo nakuomba ulitazame. Msichana aliyeanza kuota ndevu nene tangu shule, hasa kama hedhi inaruka miezi, ana chunusi sugu au uzito unaopanda bila sababu, anaweza kuwa na PCOS, hali ya homoni kuvurugika ambayo huwapata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi. Wapo wanaosema ndevu kwa mwanamke ni dalili ya bahati, na wapo wanaomcheka. Vyote viwili humchelewesha kwenda kupima. Sindano inaua vifuko vilivyokwisha kuota nywele nene. Haizuii homoni kuvigeuza vingine vipya. Kamwone daktari wa wanawake au wa homoni akupime homoni za kiume, tezi ya shingoni (thairodi), sukari. Akikuandikia vidonge, vipe miezi 6 kabla ya kusema havifanyi kazi. Ikiwa ndevu zimezidi ghafla kwa miezi michache na sauti inakuwa nzito, usingoje miadi, nenda wiki hii.

Ipo pia krimu ya eflonithini (eflornithine) inayopunguza kasi ya nywele za usoni. Ni dawa ile ile iliyowaokoa wagonjwa wa malale Congo na Uganda, ambao kwao hudungwa mshipani. Haiui mzizi, na ukiacha kuipaka kasi inarudi, lakini inaweza kukupumzisha kati ya sindano na sindano. Muulize daktari.

Harusi sasa. Kama vigaga vimekwisha na kidevu ni laini, nenda wiki hii au ijayo, kipindi kifupi, umeme mdogo, nywele zilizotawanyika. Rudi baada ya wiki moja tu ikiwa ngozi imepokea vizuri. Ya mwisho iwe si chini ya siku 14 kabla ya harusi, hata kama nywele bado zipo. Siku mtakayopakwa singo, waambie waruke kidevu chako. Asubuhi ya harusi nyoa kwa wembe mpya, kwa maji na povu, kufuata uelekeo wa nywele, kisha losheni ya jua ndipo mapambo, na mpambaji atumie brashi iliyooshwa. Usiku uyatoe yote kabla ya kulala. Wiki inayofuata rudi kliniki, na uende na majibu ya vipimo vyako.